Naomba ushauri: kitongoji kuhamia kata jirani

Wakubwa shikamooni. Huku Pangani, mkoani Tanga, mto umekitenga kitongoji chetu na ofisi ya kata. Mashamba, msikiti na makaburi yetu vyote viko upande wa kata jirani. Mpaka ufuate watu, ndiyo haki. Njia ni mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, ya mkoa, kisha TAMISEMI (Ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa). Maombi yanaweza kukwama mwanzoni kabisa: muhtasari wa mkutano hauna orodha ya mahudhurio yenye sahihi, au kijiji cha kata jirani kinachokipokea kitongoji hakijaridhia kwa maandishi. Sasa, cheti cha ardhi ya kijiji kinaonyesha mpaka wa zamani. Tupime upya kabla ya kuomba, au tusubiri tangazo la serikali la mpaka mpya?