Kupima kabla ya kwenda likizo Tanga

Kutoka: mdogo wenu, Birmingham

Shikamooni wakubwa. Desemba naenda likizo Tanga, mke wangu yupo Chumbageni na ni muda mrefu hatujaonana. Jamaa mmoja kanishauri nikapime magonjwa ya zinaa kwanza. Mbona sina ninachoumwa? Na huko kliniki hawatanipeleka kwa watu wa uhamiaji?

Kutoka: dada yenu muuguzi, Leicester

Marahaba mdogo wangu, na ahsante kwa kuuliza mbele ya watu, maana wanaoniuliza pembeni ni wengi.

Hiyo "sina ninachoumwa" ndiyo inayotuponza. Klamidia hukaa kimya: wanawake wengi walio nayo hawaoni dalili yoyote, na wanaume wengi vilevile. Kisonono mwanamume humjulisha kwa usaha na mkojo unaochoma, lakini mwanamke anaweza kukaa nacho asijue mpaka kiwe kimepanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Siku wanatafuta mtoto hapatikani, na lawama zote anabebeshwa yeye. Kaswende ni laghai zaidi. Kidonda chake hakiumi, hutokea kama wiki 3 baada ya kuambukizwa, kisha kinapona chenyewe na mtu anashukuru Mungu kuwa yamekwisha. Kumbe ugonjwa umo kwenye damu, baadaye hutoka vipele hata viganjani na kwenye nyayo, navyo vikapotea.

Nakusisitiza upime huku kwa sababu moja. Nyumbani VVU na kaswende hupimwa, na mjamzito akianza kliniki hupimwa vyote viwili. Lakini klamidia na kisonono, vituo vingi hutibu kwa kufuata dalili. Asiye na dalili nani atamshtukia? Ukimpelekea mkeo klamidia, huenda isijulikane mpaka imeshamharibu.

Kuhusu hofu yako: England kupima na kutibiwa magonjwa ya zinaa ni bure kwa kila mtu, hata asiye na karatasi, na dawa za VVU pia tangu Oktoba 2012. Kliniki hizi hazikulazimishi kutaja jina lako la kweli. Utapewa kichupa ukakinge mkojo wa mwanzo, kwa hiyo usikojoe saa moja au mbili kabla ya kwenda. Damu itatolewa kwa ajili ya VVU na kaswende. Ulizia na homa ya ini B, chanjo yake ipo.

Usingoje wiki ya safari. Klamidia na kisonono huonekana wiki 2 baada ya kukutana kimwili na mtu, VVU kwa kipimo cha maabara siku 45, kaswende hadi wiki 12.

Kutoka: mdogo wenu, Birmingham

Nimekuelewa dada. Sasa mke wangu nimwambieje naye apime? Ataona namtuhumu.

Kutoka: dada yenu muuguzi, Leicester

Anza wewe. Mtumie majibu yako, kisha mwambie na yeye aende hospitali ya Bombo au zahanati ya karibu. Kumwagiza apime huku wewe umenyamaza, hapo kweli atakuona unamtuhumu, na atakuwa na haki.

Ukikutwa na kitu, mwambie. Najua ni kauli nzito, lakini mmoja akimeza dawa na mwenzake asimeze, mtakuwa mnarudishiana tu. Klamidia kwa kawaida ni vidonge vya doxycycline siku 7, na hakuna kukutana mpaka wote mmemaliza. Msiende duka la dawa Ngamiani mkanunua vidonge kwa kuelezea tu: kisonono kimeshazizoea dawa nyingi za zamani, ndiyo maana huku kinatibiwa kwa sindano.

Na VVU visikutishe ukakimbia kipimo. Anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane tena kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Nimewaona watu hao wakizaa watoto wazima.

Kutoka: kaka yenu, Hamburg

Kwa wa Ujerumani: nendeni Gesundheitsamt, ofisi ya afya ya mji wenu. Ushauri na kipimo cha VVU mnapata bila kutaja jina. Vipimo vingine ulizeni bei kabla, kila mji una utaratibu wake.