Kufunga kizazi kwa mama asiye na hela: kutoka Ukara aanzie wapi?

mhudumu_kisiwani
Wakuu, habari za kazi. Nauliza kwa niaba ya akina mama wa mwaloni hapa Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria, wale wanaoanika dagaa kwa ujira wa siku. Wapo wenye watoto sita au saba ambao wameshaamua kufunga. Wanachoogopa ni gharama, maana wakisikia upasuaji wanaona hela. Je, kituo cha serikali kinatoza? Mume lazima asaini? Na mama avuke hadi Mwanza mjini, au Nansio, makao makuu ya wilaya yetu ya Ukerewe, inatosha? Naomba wanijibu wanaoifanya kazi hii.

muuguzi_uzazi
Huduma za uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali hazilipiwi, na kufunga mirija ya uzazi, ndiko huko kufunga kizazi, ni sehemu ya huduma hizo, sawa na sindano, vipandikizi na kitanzi. Kinachomshinda mama ni safari: kivuko hadi Bugolora, gari hadi Nansio, kisha kurudi, na nauli ya watu wawili kwa sababu anahitaji msindikizaji. Ongeza siku za ujira zinazopotea. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuhakikisha anasafiri mara moja tu. Akirudishwa, mara nyingi humwoni tena hadi aje na mimba nyingine.

Kinachowarudisha wengi ni tarehe. Aliyejifungua anafungwa ndani ya siku 7 za kwanza, au asubiri wiki 6 zitimie. Ndani ya siku hizo 7 kizazi bado kiko juu, hivyo mkato mdogo chini ya kitovu unaifikia mirija kwa urahisi. Baada ya wiki 6 kimesharudi kwenye nyonga na mkato unafanyika juu kidogo ya mfupa wa kinena. Katikati ya hapo mirija haifikiki vizuri upande wowote, na hatari ya maambukizi ni kubwa zaidi. Kwa mama wa kisiwani njia rahisi kuliko zote ni kuamua mapema wakati wa kliniki ya ujauzito, iandikwe kwenye kadi yake, ajifungulie penye chumba cha upasuaji na afungwe kabla ya kuruhusiwa. Kama atazaa kwa upasuaji, anafungwa palepale. Ila uamuzi uwe umefanyika zamani. Mama aliye kwenye uchungu haulizwi jambo la kudumu.

Ambaye hajajifungua karibuni aende ndani ya siku 7 tangu hedhi ianze, au awe tayari anatumia njia nyingine kwa usahihi. Mimba changa sana haionekani kwenye kipimo cha mkojo. Akifungwa nayo, mtaa mzima utasema operesheni imefeli, kumbe mimba ilitangulia.

Halafu damu. Ikiwa chini ya gramu 7 kwa desilita anaahirishwa, na kwetu malaria, minyoo na kichocho vinaimaliza damu kimyakimya. Mpime kwenye zahanati mwezi mmoja kabla, umtibu na umpe vidonge vya kuongeza damu. Homa, au maumivu ya chini ya kitovu yenye uchafu wa harufu, vitibiwe kwanza.

daktari_msaidizi
Naongezea upande wa chumba cha upasuaji. Tuwaeleze akina mama kwamba kizazi chenyewe hakiguswi wala hakitolewi. Mkato ni wa sentimita 2 hadi 5, kwa ganzi ya lignokaini na dawa kidogo ya kumtuliza, bila kulazwa usingizi kabisa. Kila mrija unavutwa nje, unakunjwa kitanzi, unafungwa kwa uzi na kipande kinakatwa. Kazi yote ni kama nusu saa, na baada ya kupumzika saa chache anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Si lazima awe daktari bingwa. Muhimu ni kwamba aliyeshika mkasi amefunzwa kazi hii hasa.

Kosa la kiufundi ninalosisitiza kwa wanafunzi ni kufunga kano la kizazi ukidhani ni mrija. Fuata mrija hadi uone ncha yenye vidole ndipo ufunge. Na mama akojoe kabla ya kupanda kitandani, kwa sababu kibofu kilichojaa kinakaa njiani pa kisu.

Hakuna njia ya asilimia 100. Mwaka wa kwanza hushika mimba takriban wanawake 5 kati ya 1,000. Aliyefungwa akikosa hedhi na kupata maumivu ya tumbo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani mimba hiyo ina uwezekano mkubwa wa kuwa nje ya kizazi.

Hospitali ya wilaya Nansio ianze. Pigeni simu kwanza muulize kama mpasuaji yupo na siku gani wanafunga, na timu ya huduma ya mkoba inakuja lini. Mwenye unene mkubwa, aliyewahi kupasuliwa tumbo au mwenye ugonjwa wa moyo hafai kwa mkato huu mdogo wa ganzi bila maandalizi. Huyo apewe rufaa ya Sekou Toure au Bugando, hospitali kubwa za Mwanza mjini.

mhudumu_kisiwani
Asanteni sana. Na hilo la mume?

mshauri_nasaha
Anayesaini ni anayepasuliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hautaki saini ya mume. Akikutana na mtoa huduma anayeidai, aombe kumwona msimamizi wa kitengo. Asiyejua kusoma anasomewa fomu kwa lugha anayoielewa, Kikerewe au Kijita ikibidi, kisha anaweka dole gumba. Aelewe kwamba ni ya kudumu, kwamba zipo njia za muda, kwamba haimkingi na VVU, na kwamba anaweza kughairi hata akiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji bila kunyimwa huduma nyingine.

Usiwasukume wadogo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka 14 ulikuta majuto kwa asilimia 20 ya waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini, dhidi ya 6 kwa waliozidi umri huo. Si sababu ya kumkatalia, ni sababu ya kukaa naye muda mrefu zaidi. Akisitasita, kipandikizi cha miaka 3 au 5, au kitanzi cha shaba cha miaka 10, kitamtosha. Na mume akiwa tayari, kufungwa kwake ni kwepesi na salama zaidi, mradi watumie kondomu miezi 3 ya mwanzo.

muuguzi_uzazi
Maandalizi ya siku yenyewe: asile chakula kwa muda wa saa 8 kabla ya upasuaji, na maji matupu anywe mwisho zikiwa zimebaki saa 2. Avae gauni pana na safi.

Akirudi, apumzike siku 2, na wiki nzima asibebe ndoo za maji wala matenga ya dagaa. Tendo la ndoa lisubiri angalau wiki. Kidonda kikae kikavu, asiogee ziwani. Maumivu anywe paracetamol, si aspirini. Nyuzi zitolewe siku ya 7 kwenye zahanati yenu, asilipe nauli tena kwa hilo. Joto likipita 38, usaha, damu, au kuzimia, apande kivuko cha kwanza, na wewe uwapigie simu Nansio kabla hajafika.