Cheti cha kifo cha mtu wa zamani: tupeane uzoefu

Mshela: Jana kadhi katuuliza cheti cha kifo cha babu, tukabaki kutazamana. Alifia nyumbani, kabla ya alasiri kashazikwa. Nani alimkumbuka chifu? Sasa shamba la minazi haligawiki. Waliopitia haya semeni.

BintiSiyu: Umenitonesha. Babu yetu alifariki 1978. Shangazi akaapa ni wiki ile aliyokufa Mzee Kenyatta, "tulikuwa tumefunga, redio inalia." Na kweli Agosti ile ilikuwa Ramadhani, tukamwamini. Kifo kikipita miezi sita hakijaandikishwa kina fomu zake na idhini yake, basi nauli ya boti Siyu hadi Amu mara tatu. Hati ya kiapo, wazee wawili wakatia dole gumba, naibu wa chifu akagonga muhuri. Asubuhi ya kupeleka makaratasi, kaka akatoka na msahafu wa babu umeliwa na mchwa pembeni. Ndani ya jalada, wino wa kahawia, mwandiko wa ami: "Mfungo Sita 1398." Hesabu ya Kiislamu hiyo, ni Februari 1978, nusu mwaka kabla ya Kenyatta! Shangazi akasema ami hajawahi kujua tarehe. Nililia pale gatini. Si kwa babu, kwa nauli.

Nahodha: Mfungo Sita ni Maulidi. Amu imefurika wageni, shangazi angekumbuka.

Kipepeo: Mtu hafi mwezi wa Maulidi?

Nahodha: Sijasema hafi. Soma vizuri.

Mgema: Mpeni shangazi fungu lake kwanza, tarehe zitapatana zenyewe 😂

MalindiDamu: Hayo madogo. Mjomba wangu mvuvi. Bahari ikatupa mwili Mayungu, watu wakasema ni yeye, kwa shati tu. Picha yake ikazunguka WhatsApp, innalillahi, maziko baada ya Isha. Jeneza lishatolewa msikitini, sanda ishakatwa. Magharibi boti inaingia, injini ilizima, naye kakaa omoni anatafuna mkate. "Nani kafa?" Hakuna aliyejibu. Sanda aliikunja akaiweka sandukuni. Ndiyo tuliyomzikia miaka sita baadaye.

Kipepeo: Subhanallah.

BintiSiyu: Na yule aliyetupwa na bahari alikuwa nani?

Mgema: Hakuwa na shati lingine huyo mjomba?

Nahodha: Turudini kwenye cheti. Mshela, anza kwa naibu wa chifu wa pale alipofia.

Kipepeo: Aanze eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, mambo ya chifu ni ya zamani.

Nahodha: eCitizen utaombea cheti cha kifo kilichoandikishwa. Cha babu yake kimeandikishwa wapi, mchangani?

Mgema: Katazame kaburi.

Mshela: Mawe mawili, jina hakuna. Nimempigia bibi, anasema alikufa "mwaka wa mvua, maji yaliingia ndani."

Nahodha: Elnino hiyo. Andika 1997.

Mshela: Mimi nimezaliwa 1999. Kuna picha kanipakata.