Mjadala: Mshahara wa mwalimu wa serikali ni mdogo, au walimu tumezoea kulalamika?

Vumbi la Chaki: Wakuu, tuweke namba mezani. Slipu yangu ya kwanza, 2022, mwalimu wa shahada, ngazi ya mshahara TGTS D1: 771,000. Bodi ya Mikopo, deni la chuo, asilimia 15, karibu 116,000. PAYE, kodi ya mshahara, 62,000 na ushee. PSSSF ya pensheni asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2, hizo tatu zikabeba 77,000. Kilichoingia benki hakikufika 516,000. Shule iko kijijini, nyumba ya mwalimu hakuna, bodaboda kwenda na kurudi elfu nne. Msinishangae nikikutwa kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, tarehe 10.

Mkulima wa Mbozi: Mwalimu, la Bodi litoe hapo. Hilo ni deni lako ulilosomea, usilivishe sura ya mshahara mdogo. Mimi mahindi yakishuka bei hakuna wa kunipandishia. Nyie Mei Mosi 2025 pale Singida ilitangazwa kima cha chini cha mshahara serikalini kimetoka 370,000 hadi 500,000, na mvua isiponyesha tarehe ya mshahara iko palepale. Mnakopesheka, ndiyo maana mnakopa.

Bado Najitolea: Mnagombania slipu, mimi sijawahi kuiona. Nina shahada, nafundisha Fizikia kwa michango ya wazazi, 80,000 ikipatikana. Mwezi uliopita haikupatikana. Nipeni hiyo 516,000 niwaonyeshe inavyokaa.

Vumbi la Chaki: Mdogo wangu, kwako sina jibu, na sitajifanya ninalo.

Mzee wa Mbozi, la Bodi nimekubali. Ila kima cha chini hakinihusu, mimi siko chini kabisa, na nyongeza ile kubwa ya Mei Mosi haikushuka kwa ngazi zote. Kinachoniuma ni posho. Mkuu wangu wa shule ana posho ya madaraka 250,000, haki yake. Daktari akiamshwa usiku anaandikiwa posho ya kuitwa kazini. Mimi nina vipindi 28 kwa wiki na madaftari 90 ya Kidato cha Pili ninayosahihisha kwa tochi ya simu, hayo hayana jina kwenye slipu. CWT, chama chetu cha walimu, walipogoma 2012 walidai posho ya kufundishia, asilimia 55 ya mshahara kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, pamoja na asilimia 30 ya mazingira magumu. Mahakama ikasema mgomo ni batili, watu wakarudi darasani. Kuanzia hapo kila tukikaa tunabishana mshahara, lile dai la posho tumelisahau wenyewe.

Mkulima wa Mbozi: Hiyo 30 ya mazingira magumu nakuunga mkono, hata hapa kwetu walimu wanaripoti Januari, Machi wameshahama. Lakini aipate wa kijijini tu. Wa Kinondoni, Dar, anayeuza vitafunwa na twisheni juu, hapana.

Vumbi la Chaki: Wa Kinondoni analipa kodi ya nyumba mara tatu ya yangu, mzee.

Mkulima wa Mbozi: Basi aje huku.