Kutoka Nakuru hadi Maralal: tuishie mjini au tuendelee hadi Turkana?

MpandaMenengai (Nakuru)

Hamjambo wanajukwaa. Mimi na wenzangu tumezoea kupanda Menengai na Longonot wikendi, na sasa tunatamani kuijua nchi kame iliyo juu, mahali ambapo mtu husimama akatazama mbali bila kuona shamba wala paa la mabati. Wengi wametuelekeza Maralal, wakisema kwamba ndio mlango wa kuingilia kaskazini na kwamba watu wa huko hawaogopi kutembea kwa miguu kutwa nzima. Gari letu ni dogo, la kawaida. Naomba ushauri kwa wanaopafahamu: je, tuufanye mji wenyewe kuwa kituo chetu na kuzunguka kutoka hapo, au tuupite tu tukalale Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana? Naomba pia mtueleze kwa ukweli hali ya usalama, kwa sababu kadhaa kati yetu ni wazazi wa watoto wadogo.

DerevaWaNyahururu

Karibu, ndugu. Nitaanza na barabara, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kutoka Nakuru mtapanda hadi Nyahururu, mkivuka ikweta kabla tu ya kuingia mjini, na mkipata nafasi msimame kidogo kwenye maporomoko ya Thomson, ambapo mto Ewaso Narok huanguka mita 74. Baada ya hapo ni Rumuruti, Suguta Marmar, Kisima, kisha Maralal, na lami inawafikisha hadi huko, kwa hiyo gari lenu dogo halitawasumbua. Utaona nchi ikibadilika mbele ya macho yako: viazi na kabichi vinaisha, migunga inaanza, na udongo unageuka kuwa mwekundu. Pale Kisima njia inagawanyika, na ile ya kulia inaelekea Wamba, kwa hiyo msiifuate.

Kupita Maralal kwenda Baragoi, kwenye njia ya ziwani, ni habari nyingine kabisa. Huko kunahitaji gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne, tairi za akiba na dereva anayeijua njia. Ondokeni Nakuru alfajiri, jazeni mafuta Nyahururu, na jua lisiwazamie mkiwa barabarani.

MwalimuMstaafu_Lorroki

Mwanangu, nimefundisha katika nyanda za Lorroki kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba msiupite mji wa Maralal. Watu hudhani kwamba safari ni ziwa, na mji huu ni mahali pa kunywa chai na kujaza mafuta, kumbe wanayoyatafuta yako hapa hapa. Maralal iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo kuliko Nakuru, na usiku baridi yake itawashangaza wale waliofungasha nguo za jangwani tu. Kuuzunguka mji kuna hifadhi ya wanyama, na asubuhi si ajabu kuwaona punda milia wakila nyasi karibu na nyumba za watu. Milimani juu ya mji bado kuna mitarakwa mikubwa iliyoning'iniza ndevu za kijivu, hali ukiteremka kwa saa chache tu unajikuta kwenye vichaka vya miiba na mawe.

Kama mna siku moja tu ya kutembea, nendeni upande wa Poro, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa tunaouita Malaso. Ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yenu, na chini, zaidi ya mita 1,000, kumelala bonde la Suguta likitetemeka kwa joto. Nawashauri mfike mapema, kabla vumbi na ukungu wa joto havijafunika upande wa pili. Tafuteni kiongozi wa huko huko Poro na mmlipe vizuri, kwa sababu ndiye anayejua mahali ambapo mwamba umelegea, na kwa sababu wenyeji ndio wanaotunza mahali hapo.

Jambo la pili ni ngamia. Mbio za ngamia za Maralal zilianza mwaka 1990 na zimeufanya mji huu ujulikane nje ya nchi, lakini mimi nawahimiza mtembee na ngamia badala ya kuwatazama tu. Wanabeba mitungi ya maji na mizigo, nanyi mnatembea kando yao. Mtoto akichoka, anapakizwa. Mwambieni ashike tandiko kwa mikono miwili na aegemee nyuma kabla mnyama hajainuka, maana ngamia huinua miguu ya nyuma kwanza, na asiyejua hutupwa mbele. Msafara huanza kungali giza na kupumzika jua linapokuwa kali, na kwa mwendo huo mtayaona mengi ambayo gari hupita bila kuyaona: nyayo za fisi, visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa laga, yaani mto unaokauka kiangazi, na mamorani, vijana wapiganaji wa Kisamburu, wakinywesha ng'ombe zao.

Mkirudi mjini, ingieni katika nyumba alimozuiliwa Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1961, baada ya kuhamishwa kutoka Lodwar. Ni nyumba ndogo, na watoto wataielewa.

Nyar_Kisumu

Mwalimu, shikamoo. Nakubali kwamba Maralal inastahili siku zake, ila naona unalinyima ziwa haki yake. Mimi ni mtu wa ziwa, nimekulia Kisumu, na bado sikuwa tayari kwa Turkana: maji ya kijani katikati ya mawe meusi ya volkano, bila mti wala kijiji karibu, na upepo unaomfanya mtu ashindwe kufungua mlango wa gari. Upepo huo hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia ukazidi kasi, na ndiyo sababu mitambo 365 ya kuzalisha umeme ilijengwa huko.

Hata hivyo, kwa gari dogo na watoto, nisingepitia Baragoi. Ziwa ni safari ya peke yake, kupitia Isiolo na lami ya kwenda Marsabit, kisha mnaingia Laisamis, ambako barabara ya kuelekea kwenye mitambo iliboreshwa wakati wa ujenzi. Hata hapo, kodini gari imara.

MwalimuMstaafu_Lorroki

Marahaba, binti yangu. Hapo tumekubaliana, na sababu ya kutopitia Baragoi si ubovu wa njia tu. Mwezi wa Novemba 2012 zaidi ya maofisa 40 wa polisi waliuawa katika bonde la Suguta walipokuwa wakifuata mifugo iliyoibwa, na Februari 2023 serikali ilitangaza kaunti sita za eneo hili, Samburu ikiwamo, kuwa maeneo yenye vurugu na hatari. Nasema haya kwa uchungu, kwa kuwa hawa ni watu wangu. Hali hubadilika kutoka mwezi hadi mwezi, kwa hiyo pigeni simu kwa mwenyeji wenu kabla ya kuondoka, na mkifika muulize kituo cha polisi kabla ya kwenda Poro. Mkiambiwa msiende, msiende.

MpandaMenengai (Nakuru)

Nawashukuru nyote. Tumeamua kukaa Maralal, na Turkana tutaipangia safari yake. Ni miezi gani inafaa?

MwalimuMstaafu_Lorroki

Januari na Februari nchi huwa imekauka na ukingo wa Malaso huonekana vizuri. Mvua kubwa za Machi hadi Mei ziepukeni, maana laga iliyokuwa kavu asubuhi huweza kujaa jioni kwa mvua iliyonyesha milimani ambayo ninyi hata hamkuiona, kwa hiyo msipige hema kwenye mchanga wake hata ukiwavutia. Kila mtu awe na sweta nzito, kofia pana na viatu vyenye soli ngumu, kwa sababu miiba ya migunga hupenya raba. Na kabla ya kumpiga picha mtu yeyote, msalimieni na mwombe ruhusa.