Star Wars: mlifuta vitabu vyetu 2014 kwa ahadi ya kanoni moja. Ahadi iko wapi?

Wakuu, hili limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitoa lote.

Tarehe 25 Aprili 2014 Lucasfilm, kampuni inayotengeneza filamu za Star Wars, walitangaza kwamba riwaya, katuni (zile za kusoma, za michoro) na michezo ya kompyuta iliyokuwepo kabla ya hapo haimo tena kwenye kanoni, yaani visa vyake havihesabiki kuwa vilitokea kweli ndani ya ulimwengu wa Star Wars. Zilibaki filamu sita na The Clone Wars, ya uhuishaji. Vingine vikabandikwa jina la Legends na kuwekwa kando. Thrawn na Mara Jade, wahusika ambao mwandishi Timothy Zahn alituletea mwaka 1991 wakati miaka inapita bila filamu mpya, nje. Chewbacca, rafiki wa Han Solo, kufa kwa kuangukiwa na mwezi mzima kwenye riwaya ya Vector Prime ya 1999, nje. Watoto wa Han na Leia, nje.

Iliuma, lakini sababu ilieleweka. Huwezi kutoa filamu mpya halafu mtazamaji alazimike kusoma rundo la vitabu ili ajue Chewbacca kaenda wapi. Na tulipewa ahadi badala yake: kuanzia hapo kitabu, katuni, tamthilia na filamu vitapita mikononi mwa Story Group, kikosi cha Lucasfilm cha kusimamia hadithi, na kuwa hadithi moja inayoshikana. Hakuna tena cha daraja la juu na cha daraja la chini. Ni kwa ahadi hiyo tu wengi wetu tulianza kusoma upya kutoka sifuri.

Sasa angalieni wanavyoitunza.

Mwaka 2015 ilitoka katuni ya Kanan, ndani ya kanoni mpya kabisa. Inaonyesha Amri ya 66, yaani amri ya askari kuwaua Majedi waliokuwa wakiwaongoza, ilivyomkuta kijana Caleb Dume (ndiye Kanan mwenyewe, kabla hajabadili jina) na mwalimu wake wa Kijedi Depa Billaba: ni usiku, wamekaa na askari wao kuzunguka moto, wanazungumza kama ndugu, kisha amri inaingia na wale wale waliokuwa wakiongea nao wanainua silaha. Uchungu wote wa kisa uko kwenye ule moto. Mwaka 2021 sehemu ya kwanza ya tamthilia ya The Bad Batch ikarudia tukio hilo hilo, safari hii mchana, kwenye theluji, katikati ya uwanja wa vita, na kikosi ambacho katuni haikukitaja hata mara moja kiko pale pale. Hakuna tamko. Hakuna maelezo. Katuni ikabaki na lebo yake ya kanoni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna wanaotetea kwamba katuni ni kumbukumbu za Kanan mwenyewe, na kumbukumbu hukosea. Jamani! Mtu anaweza kusahau maneno yaliyosemwa. Hawezi kusahau kama mwalimu wake alikufa usiku kando ya moto au mchana kwenye theluji.

Riwaya ya Ahsoka ya E.K. Johnston, 2016, ndiyo iliyonichosha zaidi. Inaeleza Ahsoka, aliyekuwa mwanafunzi wa Kijedi, alivyojificha miongoni mwa wakulima baada ya vita kwisha, alivyokabiliana na mwindaji wa Majedi aliyetumwa na Himaya, na alivyorudi kwa seneta Bail Organa. Mwaka 2022 tamthilia ya Tales of the Jedi ikachukua mifupa ile ile, ikabadilisha watu na mapambano, ikasonga mbele. Kaeden na wenzake wa mwezi wa Raada, ambao kitabu kizima kimesimama juu yao, hawaonekani popote. (Mhusika Cobb Vanth naye ana visa viwili tofauti vya jinsi alivyopata vazi lake la kivita la Kimandalori, kimoja kwenye riwaya ya Aftermath na kingine kwenye tamthilia ya The Mandalorian.)

Mnaona mwelekeo? Kila tamthilia inapogongana na kitabu, kitabu ndicho kinachokufa, tena kimyakimya. Hiyo ni ngazi. Zamani ngazi ilikuwepo na ilisemwa wazi: Leland Chee, aliyekuwa akitunza Holocron, hifadhidata ya Lucasfilm ya mambo ya Star Wars, alitumia herufi G kwa filamu za Lucas, T kwa televisheni, C kwa vitabu na katuni. Msomaji wa vitabu alijua yuko chini ya nani, na tamthilia ilipofuta sura nzima alijua kwa nini. Leo yuko chini vilevile, ila anaambiwa yuko sawa na wengine.

Na asije mtu kuniambia "ni hadithi tu". Kama ni hadithi tu, kwa nini walifuta za zamani kwa kisingizio cha mpangilio? Wangeziacha zigongane kama hizi zinavyogongana sasa.

Kwa hiyo wachague. Warudishe ngazi hadharani, au watoe tamko lenye tarehe, kama lile la 2014, wataje kwa jina vitabu na katuni ambazo hazihesabiki tena.

Mwenye mfano mwingine auweke hapa chini, ataje kitabu na sehemu ya tamthilia inayokipinga.