Land Rover 109: pedeli ya breki inazama, ikikanyagwa mara ya pili inapanda

Mbao_Iringa:
Wakuu salaam. Nina Land Rover 109 Series III ya mwaka 1976, breki za drami magurudumu yote manne. Nikikanyaga breki mara ya kwanza, pedeli inashuka karibu na sakafu. Nikiachia na kukanyaga tena haraka, inapanda, inakuwa ngumu na gari linashika. Mafuta ya breki hayapungui, hakuna gurudumu lililolowa. Shuu za nyuma (zinazobana drami kwa ndani) ni mpya, drami za mbele zilichongwa kwa mashine ya leizi mwezi uliopita. Fundi anasema masta silinda (inayosukuma mafuta ya breki) imekufa. Wiki ijayo nashuka mteremko wa Kitonga na mzigo. Ninunue?

Beetle_Tanga:
Mkuu, vuta hendibreki meno mawili kisha kanyaga. Pedeli ikipanda, shuu za nyuma ziko mbali na drami. Kwenye Beetle yangu ndivyo ninavyopima.

Fundi_Moro:
Kwa Beetle ni kweli kabisa, kaka, hendibreki yake inasukuma shuu za nyuma. Ya Series haigusi magurudumu. Ina drami yake peke yake nyuma ya giaboksi, inashika propela shafti. Hata ukiivuta mpaka mwisho, pedeli haitakuambia kitu.

Mbao_Iringa, masta usinunue bado. Masta iliyochoka raba, ukikanyaga na kushikilia, pedeli huzama polepole chini ya mguu hata kama nje hakuna kinachovuja. Kukiwa na upepo ndani ya mafuta ya breki, pedeli inadundadunda. Yako inapanda kwa pigo la pili na kusimama ngumu: shuu ziko mbali, pigo la kwanza lote linaishia kuzisogeza. Na drami ikichongwa inapanuka, hivyo shuu zina safari ndefu zaidi.

Hakikisha hivi. Series ina mipira mitatu ya kupitisha mafuta ya breki, miwili mbele na mmoja wa eksele ya nyuma. Ibane yote kwa koleo za vaisigripu, meno yake uyavishe vipande vya tyubu yasikate. (Mpira ulioanza kupasuka usiubane, badilisha tu.) Kanyaga. Pedeli ikisimama juu, masta ni nzima. Kisha achia mmoja mmoja. Utakaoiangusha pedeli, tatizo liko upande wake.

Jambo linaloniuma ni hili: 109 mbele kila shuu ina kamu yake ya kurekebishia umbali wake na drami, mbili kila gurudumu. Mafundi wengi wanageuza moja na kuondoka, halafu mwenye gari anauziwa masta.

Mbao_Iringa:
Nimebana yote, pedeli ikasimama juu. Nilipoachia wa mbele kulia ikaanguka. Kamu ya juu imeganda kutu, haizunguki.

Fundi_Moro:
Basi umeipata. Toa drami, ilowanishe kamu kwa mafuta ya kulegeza kutu ilale hivyo usiku. Usiilazimishe kwa spana, itakatika. Ikilegea, geuza mpaka gurudumu ligome, kisha rudisha kidogo mpaka lizunguke huru. Fanya hivyo magurudumu yote, tembea mjini siku chache shuu zikae, urekebishe tena kabla ya kupakia mzigo.

Na mafuta ya breki kama ni ya zamani, yamwage yote uweke DOT 4 mpya. Yanavuta unyevu wa hewani. Kwenye mteremko mrefu yakipata moto, unyevu huo unageuka mvuke na pedeli inakwenda chini hata kama shuu umezipanga vizuri. Hapo usitegemee kupampu kukuokoe.